Mtu Asiye na Jina

Kuku wangu wanaharisha kinyesi cheupe, niwape nini? Simu imetumbukia kwenye ndoo ya maji, ule mchele wanaosema unasaidia kweli? Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mpigo, nimjibuje? Nimeitwa kwenye usaili Dodoma, huwa wanauliza nini? Mke wangu hajaongea nami siku ya nne leo, na sijui nimekosa nini.

Mtu akitaka kuijua Tanzania ya kizazi changu, namshauri aache hotuba na asome maswali ya namna hiyo, hasa yale yaliyoandikwa saa saba za usiku. Mimi niliyasoma JamiiForums kwa miaka mingi kabla sijauliza langu. Jukwaa hilo lilianza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, likabadili jina mwaka 2008, na wengi wanalijua kwa siasa na mabishano yake. Huko kwenye siasa nilikuwa napita tu kama anayepita mbele ya kilabu cha pombe. Makazi yangu yalikuwa kwenye vyumba vya nyuma: kilimo, ufugaji, afya, mapenzi yaliyovunjika.

Huko nyuma kulikuwa na adabu zake. Unaanza na "Wakuu, habari za muda huu", kisha unaomba msaada. Atakuja mmoja akuulize umri, mwingine akutukane kidogo, wa tatu akwambie ana dawa ya mitishamba na umfuate faragha. Halafu yupo ambaye hajui lolote, lakini anaandika: "Pole mkuu, ngoja wajuzi waje." Jibu hilo lilikuwa linanigusa kuliko yote. Halina msaada wowote ndani yake, lakini mtu ameacha usingizi wake akae na wewe kwenye benchi mpaka mganga afike.

Kwetu ni Makongolosi, wilaya ya Chunya. Ukitoka Mbeya mjini unaupanda mlima kwa baridi ya kuvaa koti mbili, halafu barabara inaanza kuteremka, makoti yanavuliwa moja moja, na ukifika chini kwenye miombo umeshalowa jasho. Dhahabu ya Lupa imekuwa ikivuta watu kuja bondeni huku tangu miaka ya 1920. Wengine huku wanalima tumbaku, wengine wanachunga ng'ombe, lakini hata hao kuna ndugu yao aliye shimoni au aliyewahi kuwa shimoni.

Watu wa dhahabu ni wakarimu kwa chakula na wachoyo kwa habari. Utaulizwa umeamkaje, watoto hawajambo, mvua huko kwenu imenyesha. Hutaulizwa umepata ngapi. Na ukiulizwa, hujibu. Nimekua nikijua kwamba kuna maswali ambayo ukiuliza jirani anadhani unataka kumwibia.

Mama alikuwa ananunua pointi. Kwa asiyejua, pointi kumi ni gramu moja, na kijana akitoka kuosha mchanga wake anaweza kuwa na pointi tatu tu za kumfikisha Jumapili. Zile punje ni ndogo mno kuziokota, kwa hiyo wanatia zebaki kwenye karai. Zebaki inazikamata, linapatikana donge laini la rangi ya fedha, kama meno ya bandia yaliyotafunwa. Mama hawezi kununua donge hilo kwa uzito wake, maana atakuwa amenunua zebaki. Lazima lichomwe kwanza. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, moto wa mkaa unafika huko bila shida, na kinachobaki kwenye kikopo ni dhahabu ya manjano iliyofifia. Ndipo inapowekwa kwenye mizani.

Aliichomea jikoni, ndani. Dhahabu haichomwi barazani, watu wakaona nani kaleta na kiasi gani. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa. Juu ya jiko lilelile tulipika ugali, na mdogo wangu, aliyekuwa na miaka tisa, alifanyia kazi za shule pembeni yake kwa sababu taa nzuri ilikuwa humo.

Mkono wa mama ulianza kutetemeka mwaka 2017, au labda mapema zaidi na hatukuona. Mwanzo ilikuwa chai kumwagika kwenye kisosi. Baadaye akawa hawezi kupitisha uzi kwenye sindano, akawa halali, fizi zinamuuma, na kitu kilichonitisha zaidi, akawa na hasira. Mama yangu, ambaye wateja walimsengenya kwa upole, alimrushia kijana mmoja mwiko kwa sababu amebisha hodi mara mbili.

Tuliuliza tulioweza kuwauliza. Zahanati moja walimpa dawa za presha. Jirani alisema ametupiwa kitu na mnunuzi mwenzake, na akataja jina. Mjomba, ambaye mtaji wa mama ulitoka kwake, alisema ni uchovu, mwanamke akifika miaka hamsini ndivyo anavyokuwa. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nilipoandika kwamba mama anaumwa, nilipata "pole" kumi na tisa na picha ya maua yenye aya ya Biblia. Siwadharau. Walitupenda na walikuwa wanatuombea. Lakini katika kundi ambalo namba yako ya simu inaonekana na baba mkubwa yumo, kuna maelezo huwezi kuyatoa.

Mwezi Mei 2018 nilikuwa nyumbani nikisubiri kwenda mafunzo kwa vitendo. Usiku mmoja nikaandika JamiiForums: mama yangu ana miaka hamsini na moja, anatetemeka mkono wa kulia na sasa wa kushoto, halali, fizi zinavimba, presha amepimwa na dawa anakunywa, hali ileile. Sikusema Chunya wala dhahabu. Ndivyo tulivyolelewa.

Kufika asubuhi majibu yalikuwa kumi na manne. Habbat soda. Maombi, na namba ya nabii. "Hanywi pombe huyo?" Ugonjwa wa Parkinson, na maelezo marefu yaliyonifanya nilie. Mmoja alisema ngoja wajuzi waje. Na katikati yake mtu mmoja, mwenye picha ya kuku wa kienyeji mahali pa sura yake, hakutoa jibu lolote. Aliuliza maswali matatu. Mnaishi mkoa gani? Mama anafanya kazi gani? Kazi hiyo anaifanyia wapi, nje au ndani?

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Zahanati walimuuliza mama anaumwa wapi. Hawakumuuliza anafanya nini kutwa. Jirani hakuwa na haja ya kuuliza, alikuwa anajua, na mume wake alikuwa anachomea dhahabu chumba cha pili. Mjomba naye alijua, na fedha zake zilikuwa ndani ya kile kikopo. Kila mtu aliyetuzunguka alikuwa karibu mno na lile jiko kiasi cha kutoliona. Ilibidi swali litoke kwa mtu asiyekula chochote kutoka kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi siku zote nilidhani ni habari ya kuchinjiwa kuku.

Nilimjibu. Nilisita kwanza, nikatoka nje, nikarudi, nikaandika yote: Chunya, pointi, kikopo, dirisha lililofungwa. Akauliza swali la nne, ambalo lilinishangaza: mwandiko wake umebadilika?

Mama alikuwa na daftari la madeni, lile kubwa la karatasi ngumu, aliloanza mwaka 2014. Mimi nasomea uhasibu. Hakuna kitu ninachokijua kukisoma kama daftari la madeni. Nilikaa nalo sakafuni. Mwaka 2014 herufi zimesimama wima kama watoto wa shule mstarini. Mwaka 2016 zimeanza kuegemeana. Kurasa za mwisho, jina la mteja mmoja lilikuwa mistari ya kuku anayeparura, na ningekuwa mkaguzi wa hesabu ningesema limeandikwa na mtu mwingine.

Yule mtu akaeleza. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na unaingia mwilini kwa pumzi. Unakaa kwenye ubongo na figo. Kutetemeka, fizi, usingizi na hasira zisizo na sababu vinajulikana kwa madaktari tangu zamani. Mafundi wa kofia wa mji wa Danbury, Marekani, waliotumia zebaki kulainisha manyoya, walitetemeka hivyohivyo mpaka ugonjwa ukapewa jina la mji wao. Si lazima iwe ni zebaki, alisema, lakini mpelekeni hospitali kubwa, mkifika mtaje zebaki kabla ya kutaja presha, na kipimo chake ni cha mkojo. Msichomee ndani tena hata mara moja. Msifagie lile jiko kwa ufagio mkavu. Yote haya niliyanakili nyuma ya daftari la mama.

Baadaye nilisoma kwamba shirika la Human Rights Watch lilikuwa limetoa ripoti mwaka 2013 kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo madogo ya Tanzania, na Chunya ni mojawapo ya sehemu walikofika. Miaka mitano kabla ya swali langu. Habari ilikuwepo duniani. Haikuwa imefika jikoni.

Nikamuuliza swali la mwisho, lile nililokuwa naliogopa: na mtoto wa miaka tisa anayekaa humohumo? Lilibaki limening'inia. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimetangazwa mwezi Machi, na mwezi Juni 2018 JamiiForums ikafunga. Ulikuwa ukifungua unakuta ukurasa hauna watu. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumhamishia mdogo wangu chumbani na taa yake, akalalamika kwamba humo kuna mbu.

Kazi ngumu ilikuwa mama.

"Huyo mtu umemjua wapi?"

"Kwenye simu, mama."

"Anaitwa nani?"

"Hajaweka jina."

"Hajaweka jina." Alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Na mjomba wako mwenye jina, aliyeijua dhahabu wewe hujazaliwa, yeye haoni?"

"Mjomba anakula humohumo, mama."

"Na wewe mwanangu, unakula wapi?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Ada yangu ya chuo, vitabu, hata simu niliyoulizia swali, vyote vilitoka kwenye ule moshi usioonekana. Watu wa mtandaoni walikuwa wameniambia cha kufanya. Hakuna aliyeniambia namna ya kumwambia mwanamke kwamba kilichowasomesha watoto wake ndicho kinachomtetemesha. Hilo liko nje ya uwezo wa wajuzi.

Nilimfungulia daftari. Sikusema kitu. Aliangalia ukurasa wa 2014, akafunua hadi wa mwisho, akarudi mwanzo. Akaweka kidole juu ya jina la kijana mmoja wa zamani. "Huyu alinilipa," akasema. Halafu akafunua tena mwisho na kuuliza, bila hasira, "Huu ni wangu?"

Kesho yake kikopo kilihamia nje, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Najua, na nilijua hata wakati ule, kwamba mwembe si dawa: upepo unaupeleka mvuke kwa mwingine. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba ambacho kinaukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mama alikuja kukinunua miezi miwili baadaye, zaidi kwa sababu zebaki ni ghali na chombo kinamrudishia, kuliko kwa sababu ya maneno yangu. Nilipokea sababu hiyo kwa mikono miwili.

Mbeya tulikwenda mwisho wa mwezi. Daktari aliyetupokea alisikiliza neno zebaki, akaweka kalamu chini, akauliza, "Nani aliwaambia?" Mama alijibu kabla yangu. "Kuna mtu," alisema. Mkojo ulipimwa, na zebaki ilikuwemo. Mdogo wangu alipimwa pia. Yake ilikuwa kidogo, na daktari alisema mwili wake utaitoa wenyewe ikiwa haongezewi nyingine.

Mwaka uliofuata soko la madini lilifunguliwa Chunya, dhahabu ikaanza kuuzwa kwa mizani ya serikali na mrabaha wake, na wanunuzi wa jikoni kama mama wakatafuta kazi nyingine. Yeye anauza vitenge sasa. Mkono wa kushoto umetulia. Wa kulia bado, hasa asubuhi, na uzi kwenye sindano tunampitishia sisi.

JamiiForums ilikuwa imerudi baada ya wiki kadhaa za ule ukimya. Nilifungua nikitegemea kukuta swali langu peke yake. Mtu wa picha ya kuku alikuwa ameshaandika, siku ileile watu walipoanza kurudi: "Yule mtoto vipi? Sikusahau." Chini yake alikuwa ameeleza vipimo na mahali pa kwenda, mambo ambayo tulikuwa tumeshayafanya.

Nilimsomea mama kwa sauti. Alikuwa anakunja vitambaa.

"Umemwambia asante?"

"Ndiyo naandika."

"Andika na mama anamsalimia," akasema. "Na muulize, kuku wake hawajambo?"