Kitabu cha Vita Nilikipa Sato Wawili, Babu Akaniita Bukima

Nyie, kuna siku unaposti kitu huku unakula chipsi, unajua ni kazi ya dakika mbili, kumbe umejiitia kesi ya ukoo.

Kwa wasionijua: naishi Musoma mjini. Mchana nashinda kwenye duka la fotokopi, usiku nasoma. Nikimaliza kitabu narekodi klipu fupi, nasema kinahusu nini, kimenifanya nini, halafu nakipa alama. Sitoi nyota mimi. Sisi ni watu wa ziwani, tunatoa sato. Sato watano maana yake kopa hela ukinunue. Sato watatu, azima kwa rafiki. Sato mmoja, tunza bando lako ulale.

Na vitabu vyangu ni vya aina tatu tu: mauaji, vita na historia. Mama anasema mwanawe anapenda maiti. Mimi namwambia napenda kujua nani kafanya nini na kwa nini, maiti inatokea tu njiani.

Nilianza na vitabu vya mtumba, vile vya kurasa za njano ambavyo jalada limeshikwa na selotepu. Humo ndimo nilikokutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Baadaye nikarudi nyuma zaidi hadi kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule mzee wa kiko asiye na haraka na mtu. Ukisoma hao watatu mfululizo unaanza kumshuku hata jirani anayekuletea mboga.

Sasa kesi yenyewe. Nilipata kitabu kimoja cha Vita vya Kagera. Jina nalihifadhi, mwandishi namwacha apumzike. Nilikisoma kwa wiki mbili huku napiga miayo, nikarekodi. Nilisema hivi, kwa maneno yangu mwenyewe na kwa mbwembwe zote: "Jamani, hiki kitabu kina tarehe nyingi kuliko watu. Kikosi kinaondoka, kikosi kinafika. Huyu kafa, yule kafa, wala hushtuki. Vita hii haina stimu kabisa. Sato wawili, na mmoja kati yao ni wa jalada." Mwishoni nikaweka mlio wa bunduki na emoji ya kusinzia.

Ikapendwa. Watu wakacheka, wakatumiana. Niliona namba zinapanda, nikalala na furaha.

Asubuhi simu. Babu. Babu yangu mzaa mama hapigi simu hovyo, ukiona namba yake ujue kuna msiba au kuna ng'ombe kapotea. Kumbe mdogo wangu wa kule Bukima alimuwekea ile klipu wakiwa wanakunywa chai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Jumamosi uje. Na hicho kitabu uje nacho."

Akakata.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho sijui nilikisahau vipi. Babu alienda Kagera. Nyumbani wote tunajua, ila tunajua kama unavyojua kwamba nyumba ina dari, huliangalii. Hajawahi kutusimulia. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anakaa peke yake na redio yake, na bibi anatufukuza tukacheze mbali. Basi. Na mimi mjukuu wake nimekaa mjini nasema vita yake haina stimu.

Jumamosi nikachukua Hiace, sukari kilo mbili na mkate kwenye mfuko, kitabu kwenye pochi. Njia nzima naandaa utetezi. Kwamba nilikuwa namsema mwandishi, sikuwasema askari. Kwamba mhakiki lazima awe mkweli. Nilikuwa na hoja kali kweli.

Nikamkuta chini ya mwembe. Hakunigombeza. Akaniambia nikae, akaniambia nisome. "Ukurasa gani, babu?" "Tafuta Lukaya."

Kwa ambao shule iliwapita pembeni: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza vita, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata wewe umeitania kwenye stori za ex wako. Maelfu ya mgambo wakaitwa kuongeza nguvu jeshini, vijana wa vijijini kabisa. Babu alikuwa na miaka 22. Februari 1979 Masaka ikachukuliwa, Machi wakafika Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya kwenda Kampala, ambako barabara inakatiza kwenye kinamasi. Huko Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo ambao hawajaonja mapigano, ikakutana na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Usiku ule wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi watu walitawanyika gizani. Kulipokucha wakajipanga upya, na brigedi nyingine ikawazungukia adui kwa nyuma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Kitabu changu kilimaliza Lukaya kwa kurasa mbili. Nikasoma kwa sauti. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, babu."

"Basi ulisema kweli. Kimeandikwa vibaya."

Nikabaki mdomo wazi. Hoja zangu zote za kwenye Hiace hazikuwa na kazi tena.

"Ila," akasema, "ulivyosema kibaya kwa nini, hapo ndipo umekosea. Umesema hakina stimu. Stimu ilikuwepo, mke wangu. Sitaki ikukute." Akanyamaza. Kisha akaanza kunisimulia habari za kijana mmoja wa Bunda.

Jina alilitaja mara moja. Siliandiki hapa, familia yake ipo. Walikuwa wanalala hema moja. Yule kijana alikuwa amebeba kitabu kwenye begi, kimechanika jalada, na jioni wakipumzika alikuwa anawasomea wenzake, maana babu enzi hizo kusoma alikuwa anajikongoja. Kilikuwa cha upelelezi. Watu saba wamekaa wanasikiliza nani kamuua nani, na huku wenyewe wako vitani. Wakawekeana dau. Babu akasema muuaji ni fulani, kijana wa Bunda akasema ni fulani mwingine. Pakiti ya sigara kwa atakayeshinda.

Hawakufika mwisho. Baada ya usiku wa Lukaya yule kijana hakuonekana, na kitabu hakikuonekana.

Halafu babu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanirudia nikishika kitabu chochote. "Yule maiti wa kwenye kitabu alipata bahati. Kafa mmoja tu, na kitabu kizima kinamtafutia haki. Anaulizwa alikuwa nani, alikula nini, nani alimchukia. Sisi kule walikufa wengi, na kitabu chako kinasema walikufa, kinaendelea na safari."

Nilitamani ardhi ipasuke. Maana mimi nilisema "huyu kafa, yule kafa, wala hushtuki" kama vile tatizo ni kwamba wamekufa bila burudani. Kumbe tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza walikuwa nani. Kosa nililiona, nikalitaja kwa jina lisilo lake.

Nikamuuliza anakumbuka nini cha kile kitabu. Akasema mpelelezi anavuta kiko, na maiti inakutwa mzimuni. Nyie! Nikaruka. Nikamwambia, "Babu, huyo ni Bwana Msa! Hicho ni Mzimu wa Watu wa Kale!" Kimetoka tangu 1960, kiliwahi kushinda shindano la uandishi Afrika Mashariki hata kabla hakijachapwa. Akaniangalia kama nimemtajia ndugu yake aliyepotea.

"Kipo?"

"Kipo, babu. Nakijua mpaka mwisho. Nikwambie aliyeua?"

"Wee! Nyamaza."

Miaka yote hiyo, na mzee bado hataki spoila.

Basi nikakitafuta tena, nikaenda Bukima Jumamosi nne mfululizo. Nasoma, bibi anapepeta dagaa pembeni akijifanya hasikilizi, akikosa neno anauliza, "Eti kasemaje?" Katikati babu ananisimamisha, ananieleza hapa fulani alicheka, hapa mvua ilinyesha tukaacha. Mambo ya Kagera ambayo mama yangu hajawahi kuyasikia nimeyapata kwenye mapumziko ya hadithi ya mauaji.

Kati ya Jumamosi hizo, moja nilipitia Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu. Nilikuwa na hamu na jambo moja. Mwalimu akiwa Ikulu alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikatoka 1963, kisha akairekebisha ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Fikiria kitabu hicho kwa macho yangu mimi mpenda maiti: ni historia, ni mauaji, ni vita, vyote kwa mkupuo. Wauaji tunawajua kabla damu haijamwagika. Swali ni kama walikuwa na haki, na jibu linazaa vita inayowala hao hao wauaji. Mtu wa Butiama aliyakalisha hayo maneno kwenye Kiswahili, na miaka tisa baada ya marekebisho yale akasimama yeye mwenyewe kutangaza vita. Jenerali David Msuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kwenye vita hiyo, naye ni wa Butiama hiyo hiyo, akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Yaani historia ninayoitafuta kwenye vitabu vya mtumba ilikuwa inaishi umbali wa nauli ya Hiace.

Majenerali tunawajua kwa majina, na ni haki yao. Ila kule Kaboya, wilaya ya Muleba, kuna makaburi ya askari wetu zaidi ya 600. Kila kaburi pale ni mtu aliyekuwa na dau lake na mtu.

Na hata vita ya nyuma zaidi, ya 1914, ni hivyo hivyo. Wewe unayeshuka Dar kwenda Kariakoo kuchukua mzigo wa viatu, hilo jina limetoka kwa wapagazi, ile "Carrier Corps" ya Waingereza. Walikufa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa huku wamebeba mizigo ya vita isiyo yao. Tumebaki na jina la soko. Ndiyo maana Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021, nampa sato watano bila kupepesa. Soma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Anachukua kijana mmoja tu, Yusuf, kijana ambaye kitabu cha tarehe kisingempa hata nusu mstari, anakaa naye mpaka Wajerumani wanapokuja kukusanya watu.

Tuje kwenye lile lililonileta hapa. Ile klipu sikuifuta. Niliifikiria sana, nikaona kuifuta ni kukimbia. Nilirekodi nyingine. Sikukiongezea kile kitabu sato hata mmoja, babu mwenyewe alikubali hawastahili. Ila nilisema kweli hii safari: kwamba nilichekea kifo kwa sababu mwandishi alikiandika haraka, na kwamba kosa la mwandishi halinipi mimi ruhusa. Emoji ya kusinzia nikaomba radhi kwa ajili yake. Haikupata hata robo ya watu wa ile ya kwanza. Sawa tu.

Na sasa nikisoma cha vita au cha historia, kabla ya kuhesabu sato najiuliza maswali ya Bwana Msa. Nani kafa hapa? Alikuwa nani? Nani anamtafuta? Kitabu kikinijibu kwa mtu mmoja tu, hata kama kina tarehe mia, kinapanda. Kisiponijibu, nakishusha, lakini sicheki.

Jumamosi ya nne tulifika mwisho. Jua linazama, ziwa limekuwa jekundu, bibi kaacha kabisa kupepeta. Nikasoma mpaka Bwana Msa anamtaja muuaji. Nikafunga kitabu.

Babu akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyu? Huyu ndiye aliyemsema yule!" Akacheka, nyie, alicheka mpaka akakohoa. "Alinishinda. Yule mtoto wa Bunda alinishinda."

Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, anaangalia ziwani.

"Mke wangu," akaniita, "pakiti ya sigara siku hizi shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akasema ni ghali, lakini deni ni deni. Jumamosi ijayo tunaenda Bunda, mimi na yeye, kuwatafuta wa nyumbani kwao.