Nani Kasema Hadhi Hununuliwa?

Neno hadhi tumelifanyia maonevu. Limegeuka kuwa la matangazo: nyumba za hadhi, mtaa wa hadhi, shule ya hadhi. Arusi ikikosa msururu wa magari, jamaa hunong'ona kwamba haikuwa ya hadhi ya bwana arusi. Basi asiye na pesa hana hadhi!

Hebu itazame Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010. Kifungu cha 28 chasema kila binadamu ana hadhi ya kuzaliwa nayo, na ana haki iheshimiwe na kulindwa. Kifungu cha 57 chawataja wazee hasa, kwamba waishi kwa hadhi. Neno ni moja, maana zimepeana mgongo.

Nimeyaona hayo katika ukoo wetu. Shangazi yangu ni miongoni mwa wazee waliotimiza miaka 70 wanaopewa na serikali Sh2,000 kwa mwezi. Siku moja alikuta foleni ndefu, jua kali. Karani akawaita wazee wale "nyinyi watu wa pesa za bure" na kuwaamuru wachuchumae chini. Shangazi akajiondokea. Miezi miwili hakukanyaga pale, na nyumbani unga ulikuwa wa kukopa.

Binamu zangu walimjia juu. Hadhi hailiwi, walisema, na mzee maskini ana maringo gani? Mimi sikuona maringo. Shangazi aliwajibu kwa ufupi tu: "Njaa naijua tangu utotoni. Lakini mimi ni mtu."

Hakusema ana hadhi. Alisema ni mtu, na hapo ndipo lilipotoka neno utu, ambalo mabwana wa matangazo hawajalipata bado (nyumba ya utu itauzwa vipi?). Ndugu zetu Watanzania, katika ibara ya 12 ya Katiba yao, wametaja utu wa mtu kuthaminiwa. Nadhani walichagua vyema kutushinda sisi tunaong'ang'ania hadhi.

Mwezi wa tatu shangazi alirudi dirishani, amejifunga leso mpya, pamoja na akina mama wenzake wanne. Karani alipoanza, "Haya, nyinyi...", alimkatiza kwa upole.

"Mwanangu, jina langu liko kwenye hicho kitambulisho. Lisome."

Akalisoma.