Kisa Kizima kwa Sauti ya Nyimbo

Katika bustani ya Regent's Park, mjini London, upo ukumbi wa michezo ya kuigiza usio na paa, ulioanzishwa mwaka 1932, ambamo watazamaji zaidi ya 1,200 huketi wakilielekea jukwaa lililozungukwa na miti. Na huko ndiko nilikoushuhudia, kiangazi cha 2017, mchezo wa Jesus Christ Superstar, unaoimbwa wote kwa muziki wa roki. Tim Rice, mtunzi wa maneno, na Andrew Lloyd Webber, mtunzi wa muziki, waliitoa kazi hiyo kwanza katika santuri mwaka 1970, kabla haijapandishwa jukwaani New York mwaka uliofuata.

Yuda alipopokea ujira wake alitumbukiza mikono sandukuni, ikatoka imeenea rangi ya fedha, nayo haikumtoka tena. Na mijeledi 39 ilipohesabiwa, kila pigo liliandamana na konzi ya chenga za kumetameta, zikamganda Yesu mwilini, juu ya damu. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Walakini hadhirina, ambao nina yakini kuwa nyoyo zao ziliungua kama wangu, hawakunena neno wala kuinuka, bali waliyahifadhi majonzi yao hata tamati, ndipo wakasimama wote kwa pamoja wakapiga makofi.

Kwetu Unguja, ambako Nadi Ikhwan Safaa wameshika taarab tangu mwaka 1905, jambo hilo ni muhali. Ubeti ukimgusa bibi aliyeketi safu ya nyuma, huinuka papo hapo, akapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa madaha, noti i mkononi, akamtunza mwimbaji, kisha akageuka kumtazama yule aliyemkusudia. Na tangu hapo wimbo huwa ni wake yeye zaidi ya mtunzi.

Siuhusudu, basi, ule ukimya wa London, wala taa zake. Ninachokitamani kwa dhati ni kile kisa kimoja kilichobebwa na nyimbo tangu awali hadi akhiri, kila wimbo ukidai haki yake kwa uliotangulia. Waliohudhuria maonyesho ya vikundi vya Muungano na TOT, Dar es Salaam ya miaka ya 1990, watakumbuka usiku mmoja ulivyokusanya ngoma, vichekesho, maigizo na taarab. Ila kila fani ilishika zamu yake ikaondoka, maigizo yasiimbe, wala taarab isiigize. Na hali sisi si wageni wa visa virefu vya kughaniwa, maadamu Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli pekee una beti zaidi ya 4,000!

Atakayetutungia mchezo wa taarab itampasa aache nafasi ya kutunza ndani ya kisa chenyewe, na waigizaji wafunzwe kuipokea noti pasipo kuukata mkondo wa hadithi. Kwani haiyumkini bibi wa Ng'ambo, kwetu Unguja, amwone mke akidhulumiwa mbele ya macho yake, na fidla zikilia, kisha angoje saa mbili ndipo apige makofi.