Mhimili Uliopinda

Msomaji, twaa kalamu yako ya risasi, fumba jicho moja, uitazame kuanzia ncha hadi ncha, kisha uniambie kama imenyooka. Bila shaka utasema ndiyo. Nami nilisema vivyo hivyo juu ya chuma kimoja, na neno langu likamgharimu mtu sehemu ya mshahara wake.

Katika kijiji nilikofundisha palikuwa na mashine ya kusagia mahindi, mali ya ushirika, nami nilikuwa karani wa kamati yake. Mhimili wake, chuma cha mviringo chenye urefu wa karibu mita moja, ulizunguka katika beringi mbili, mara 3,000 hivi kwa dakika. Beringi hizo zilikufa mara tatu katika miezi mitano. Tukaufungua mhimili, nikauinua usawa wa jicho kama mtu alengaye bunduki, nikatamka kwamba umenyooka sawasawa. Basi kosa likawa la msagaji, mzee mpole aliyenizidi umri sana. Tulisema hapaki grisi, na bei ya beringi ikakatwa katika mshahara wake. Barua niliiandika mimi.

Baadaye mhimili ulipelekwa kwa fundi mjini, nami nikaufuata. Fundi hakujishughulisha kuulenga kwa jicho. Aliuweka ncha zake juu ya vipande viwili vya chuma vilivyochongwa umbo la herufi V, akaleta kipimo mfano wa saa, chenye mshale na kijiti cha kugusia. Kijiti kikisukumwa sehemu moja ya mia ya milimita, mshale husogea alama moja. Unywele wako una unene wa alama saba hivi. Kwanza alipima karibu na ncha, akiuzungusha mhimili polepole, mshale haukutikisika. Akakihamisha kipimo katikati. Mshale ukapanda, ukapanda, ukafika alama 24, kisha ukarudi sifuri.

"Umepinda alama 24," nikasema.

"Ni 12, Mwalimu," akajibu, wala hakucheka.

Chora duara nawe utaona. Kitovu kikihama alama 12 kutoka mahali pa mzunguko, upande mmoja wa chuma huinuka 12, na baada ya nusu ya mzunguko hushuka 12. Mshale huonyesha yote mawili pamoja. (Nami nilikuwa nimefundisha habari za duara miaka minane!) Upande huo uliozidi ndio uliozivuta beringi huku na huku, mara 50 kila sekunde.

Fundi alipatia alama ya chaki mahali palipoinuka, akapakandamiza kwa mashine kupita kiasi kidogo, kwa kuwa chuma hurudi nyuma kikiachiliwa. Akapima tena, akakandamiza tena. Mwishowe mshale ulicheza alama tatu tu.

Kamati ilirudisha fedha. Mzee alizihesabu, akazifunga katika leso, kisha akaniomba nimwandikie barua nyingine, yenye mhuri kama ile ya kwanza.