Kwa Mpwa Wangu Aliye Ugenini Kizwite

Mpwa wangu mpenzi,

Ujumbe wako mrefu umetufikia hapa Tanga, na mama yako, ambaye huusoma kila ajapo mgeni kana kwamba ni barua ya Serikali, amenipa nami nikausoma kwa utulivu. Na kwa kuwa mimi sikuzoea kusema mambo ya maana kwa kubonyeza kioo kwa kidole gumba, nakujibu kwa kalamu na karatasi, nawe uyasome haya kwa wasaa wako, siku ambayo zamu ya maabara haikukuchosha.

Umeeleza kwamba kazi inakwenda vizuri, kwamba chumba ulichopanga Kizwite, hapo Sumbawanga, ni kisafi na mwenye nyumba ni mtu wa murua, lakini baridi ya usiku imekushinda, na ulipojaribu kukimbia alfajiri kama ulivyozoea kukimbia huku Raskazone, ulianza kuhema kabla hujafika mbali, hata ukadhani umepatwa na maradhi ya kifua. Maradhi hayo nayajua. Niliwahi kuwa karani katika mji huo, wakati mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, ulipokuwa bado mchanga, na barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, wala si lami hii uliyopita wewe umelala ndani ya basi. Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani tukifika huko hatuna budi kusubiri wiki kadhaa, mpaka mwili utengeneze chembe nyekundu za damu za kutosha kuchukua hewa iliyo haba. Lakini haya namweleza nani, ikiwa wewe ndiye uzitazamaye chembe hizo kwa hadubini kila siku? Wazee hatuna haya.

Basi katika mwezi wa kwanza usikimbilie kasi. Tembea, kisha kimbia kidogo, kisha tembea tena. John Stephen Akhwari, aliyekuwa mtu wa milima ya Mbulu na si wa pwani kama wewe, alipokwenda kukimbia marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya bahari, alibanwa na misuli njiani, akaanguka, akaumia goti, na akafika mwisho zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa ushindi. Watu wamemsifu kwa uvumilivu wake, na ni haki yake asifiwe, lakini wewe nakuomba uikumbuke pia ile hewa. Ukiistahimili, itakulipa: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alitoka Karatu, nako ni nchi ya juu, na ukija likizo huku kwetu baada ya mwaka mmoja wa Ufipa, hao uliokuwa ukikimbia nao Raskazone watakuona mgongo.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba ukitoka kazini hufunga mlango, ukawasha king'amuzi, ukakaa na Simba yako mpaka usingizi ukuchukue, na kwamba tangu ufike hujamjua mtu yeyote wa mji huo kwa jina, isipokuwa wenzako wa kazini na mwenye duka unakonunua sukari. Sikulaumu kwa kuipenda Simba, ijapokuwa mtoto aliyezaliwa jirani na Uwanja wa Mkwakwani, na aliyesimuliwa tangu utotoni ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988, alikuwa na mahali pengine pa heshima pa kuuweka moyo wake. Nakuomba utafakari tu asili ya klabu uipendayo. Yanga iliasisiwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata wakajitenga wengine, wakaunda klabu yao, nayo ikapita katika majina ya Queens na Eagles, ikadumu miaka mingi ikiitwa Sunderland, hata mwaka 1971 ikawa Simba. Wale walioziasisi hawakukusanyika ili watazame wengine wakicheza. Walikuwa vijana wa Kiafrika katika Dar es Salaam ya wakoloni, waliotaka mahali pa kukutana baada ya kazi, pa kuzungumza na kushauriana, pa kuchangiana penye msiba na penye arusi, na mpira ndio uliokuwa sababu ya kuonana kwao. Mchezo ule ule uliowatoa wao vyumbani, wewe umekufungia chumbani. Na hilo, mwanangu, kwa mtu aliye peke yake katika mji wa ugeni, silioni kuwa jambo la kheri.

Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, navyo katika mechi kubwa hujaa bila wewe, ilhali timu ya netiboli ya hapo kazini kwako huenda inamtafuta mtu wa saba. Uliza habari za SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara, idara na mikoa, ambako wanawake hucheza netiboli, huvuta kamba na kushindana mbio, na wale wasiopenda jasho hukaa kwenye bao na karata. Mazoezi yake hufanyika jioni, na katika mazoezi hayo daktari, dereva na mhasibu huitana kwa majina. Kisha siku moja shika njia uende Uwanja wa Nelson Mandela wa hapo mjini, hata kama wanaocheza ni vijana wa mtaani tu. Uwanja huo usiudharau: Tanzania Prisons ya Mbeya iliufanya kuwa uwanja wake wa nyumbani katika msimu wa 2020/2021, na mashabiki wa Sumbawanga, ambao walikuwa wakiwasikia vigogo wa soka redioni tu, wakawaona kwa macho yao. Ukikaa katika majani na mwenyeji aliyeshuhudia mechi hizo, hutahitaji kutafuta maneno ya kuanzia mazungumzo.

Najua katika ukoo wetu wapo watakaouliza binti wa watu anatafuta nini uwanjani. Mimi simo miongoni mwao. Mtanzania wa kwanza kuiletea nchi yetu medali katika michezo mikubwa ya kimataifa alikuwa mwanamke, Theresia Dismas, aliyepata fedha kwa kutupa mkuki huko Brazzaville mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika. Na waulizao swali hilo aghalabu hawalijui jina lake. Vaa nguo za stara zisizokuzuia kukimbia, na hao wajibu kwa tabasamu. La hadhari ni moja tu: usikimbie gizani peke yako katika njia usizozijua. Tafuta wenzako wawili au watatu, nao watakuwa ndio mwanzo wa jamaa zako wa huko.

Juu ya kazi sina mengi, maadam umelelewa vyema, ila hili nalisema wazi: damu ya mgonjwa iliyomo katika kichupa ni amana, na mtu aliyekesha akitazama mechi za Ulaya, kisha akaingia zamu ya asubuhi macho yakiwa mazito, anaihini amana hiyo hata kama hakuna amwonaye. Mchezo na kazi havigombani kwa mtu mwenye nidhamu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, ni askari wa Jeshi la Wananchi, na tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, aliwapa Watanzania dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya wote wawili kukimbia saa mbili, dakika tisa na sekunde arobaini na nane. Kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kungoja miaka minane tangu shaba aliyoipata London mwaka 2017.

Mikeka ya kubeti sitaki hata kuijadili. Mshahara wa kwanza una wenyewe: kodi ya nyumba, chakula chako, deni la Bodi ya Mikopo, na kidogo cha bibi yako, ambaye hataki wingi bali anataka kukumbukwa.

Juu ya wenyeji wako nataka kusema zaidi, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna ghururi fulani ya kudhani kwamba ustaarabu umeishia pale mnazi unapoishia. Wafipa ni watu wa adabu kuliko wengi niliopata kukaa nao. Utamwona mtu akimwamkia mkubwa wake, huinama na kupiga makofi taratibu, wala hana haraka. Usicheke, bali jifunze, na ukiweza kujibu kwa Kifipa, hata kwa kubabaika, utaona milango inavyofunguka. Ni wakulima hodari, tangu zamani hufukia majani ndani ya matuta ili yaoze na kuirutubisha ardhi, na mahindi yao yamelisha mikoa mingi ya nchi hii. Ukialikwa ugali wa ulezi, kula, na usianze kusifu wali wa nazi hapo hapo. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, nawe fikiri utawapelekea nini: unajua kuogelea, unajua netiboli, na umesomea damu, kwa hiyo wasichana wa mtaani kwako wana mengi ya kupata kwako jioni za Jumamosi, kama utakubali kuzima king'amuzi.

Mama yako ananunua sweta mbili na blanketi zito, navyo vitapakiwa katika basi Ijumaa. Juni na Julai huko si mzaha. Ukivipokea tuarifu, na katika jibu lako usinieleze habari za Simba, kwani hizo nazisikia redioni. Niandikie majina ya watu watatu wa mji huo uliocheza nao.

Wasalaam,

Ni mimi mjomba wako,
Tanga