Miji ya Vilimani na Kiambishi -nge-

Mwaka huu tulialikwa, pamoja na mwalimu mwenzetu wa idara, kuhudhuria kongamano la walimu wa Kiswahili mjini Naples, kusini mwa Italia. Mwaliko huo haukutushangaza, kwani mji huo una chuo kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi. Kilichotushughulisha zaidi ni siku tatu zilizobaki kati ya mwisho wa kongamano, Jumatano, na ndege ya kurudi Entebbe kutoka Roma, Jumapili. Viza haikuturuhusu kuongeza hata siku moja. Na kama ingeturuhusu, mifuko yetu isingekubali. Tukaazimia kuzitumia siku hizo kutembelea miji ya kale iliyojengwa juu ya vilima katikati ya Italia. Kazi ya kuandika ratiba ikatuangukia sisi, naye mwenzetu akawa msikilizaji.

Hamu yetu ilikuwa na sababu. Tumezaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako vilima hulimwa kwa matuta hadi karibu na kilele. Kwetu mtu hujenga nyumba karibu na shamba lake, ubavuni mwa kilima, na jirani yake huenda akawa ng'ambo ya bonde. Waitalia wa kale walifanya kinyume. Walikusanyika kileleni, wakajizungushia ukuta, wakawa wanashuka asubuhi kulima na kupanda jioni kulala. Kileleni adui alionekana angali mbali. Tena mabonde mengi yalikuwa na homa ambayo watu waliidhania kuwa inaletwa na hewa chafu. Neno malaria lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni hiyo hiyo: hewa mbaya. Tulitaka kuona kwa macho yetu jinsi watu wengine wa vilimani walivyoishi.

Ratiba ya kwanza tuliiandika kwa kiambishi -ta- tangu mwanzo hadi mwisho. Alhamisi tutakwenda Orvieto, mji uliokaa juu ya mwamba wa majivu ya volkano yaliyogandamana, wenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1290. Huko tutashuka katika kisima cha San Patrizio, kilichochimbwa kwa amri ya Papa Klementi wa Saba, aliyekimbilia Orvieto baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527. Kisima hicho kina ngazi mbili za mzunguko, kila moja ikiwa na vidato 248, zilizopangwa hivi kwamba punda anayeshuka kufuata maji hakutani na punda anayepanda na mzigo. Siku hiyo hiyo tutavuka daraja la waendao kwa miguu, lenye urefu wa mita 300 hivi, hadi Civita di Bagnoregio, kijiji ambacho udongo wake humomonyoka mwaka hadi mwaka, hata Waitalia wenyewe wakakiita mji unaokufa. Ijumaa tutaona Siena, kisha San Gimignano, ambako imebaki minara 14 kati ya minara 72 ambayo koo za matajiri zilijenga kwa kushindana. Jumamosi tutaona Perugia, kisha Assisi. Miji sita kwa siku tatu!

Karatasi haichoki, lakini treni zina saa zake. Tulipoanza kuulinganisha mpango wetu na ratiba za usafiri, tuligundua kwamba San Gimignano haina stesheni, na msafiri hushuka Poggibonsi akangoja basi. Tukafikiria kukodi gari. Tukaambiwa kwamba sehemu za kale za miji mingi ya aina hiyo hazifunguliwi kwa magari ya wageni. Kamera hupiga picha namba ya gari, na faini humfuata mgeni hadi kwao. Wahenga walikwisha kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulikuwa tumeshika sita. Ikabidi tufute, na mji wa kwanza tulioufuta ulikuwa Assisi. Tulijiambia kwamba makanisa tutakuwa tumeyaona ya kutosha, ilhali minara kama ile ya San Gimignano hatutaiona kwingine.

Tulimsomea mwenzetu ratiba mpya ofisini, saa ya chai. Yeye ametutangulia kwa umri na kwa kazi, nasi humwita dada.

"Dada, unaionaje?"

"Ni nzuri, Mwalimu. Ningependa sana kupanda mnara huo."

"Na Civita?"

"Daraja hilo ningelivuka kwa furaha."

"Basi tukate tiketi?"

"Mngekata tu. Assisi nayo ingenifaa, lakini ratiba ni yenu."

Tuliondoka tumeridhika. Tulimsikia mtu mwenye adabu akikubali, kwa maana sote tunajua kwamba -nge- hutumika kupunguza makali ya ombi. Anayesema "ningependa chai" hasemi kwamba chai haiwezekani. Anaiomba kwa upole. Usiku, tukisahihisha kazi za wanafunzi kuhusu sentensi za masharti, tulikutana na swali tulilolitunga wenyewe: "Kamilisha kwa kishazi tegemezi: ... ningepanda mlima." Wanafunzi walikuwa wamejibu kila mmoja kwa namna yake: kama ningekuwa na nguvu, kama mvua isingenyesha, kama ningepona. Tulipofika kwenye jibu hilo la mwisho, kalamu ilisimama. Mwenzetu alikuwa ametupa vishazi vikuu vitatu, na sisi hatukuuliza kishazi kilichofichwa ni kipi.

Kesho yake tulimwuliza bila kuzunguka. "Dada, jana ulisema ungevuka daraja. Ungelivuka kama nini?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akatuambia kwamba tangu alipoanguka kutoka kwenye boda boda, miaka mitatu iliyopita, goti lake la kushoto halijawa zima. Ardhi tambarare haimsumbui. Ngazi humtesa, hasa za kushuka. Hakutaka jambo hilo lijulikane kabla ya safari, maana alihofia kwamba atahesabiwa mgonjwa na nafasi yake apewe mwingine. Alikuwa ameamua kuja, kuumia kimya na kutabasamu. Tulipomwuliza kuhusu Assisi, alisema kwamba marehemu baba yake alikuwa katekista, na kwamba picha ya Mtakatifu Fransisko ilining'inia ukutani kwao tangu utoto wake. Mji huo ndio pekee aliokuwa akiutamani katika orodha yetu nzima, nao ndio tuliokuwa tumeufuta.

Tuliona aibu. Tumefundisha hali ya masharti kwa karibu miaka ishirini, tukawaeleza wanafunzi kwamba -nge- huonyesha jambo ambalo sharti lake halijatimia. Siku tuliyoambiwa sentensi hiyo usoni, tulisikia adabu tu.

Tuliketi sote wawili, tukaanza upya, safari hii tukiuliza kila mji swali moja: mtu mwenye goti bovu atafikaje juu? Orvieto ilijibu vizuri. Mbele ya stesheni ya treni kuna behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma juu ya reli, nalo humpandisha abiria hadi ukingo wa mji bila kidato kimoja cha mlima. Perugia pia ilijibu vizuri, kwa kuwa ngazi za umeme hupita ndani ya mabaki ya ngome ya Rocca Paolina hadi katikati ya mji. Stesheni ya Assisi iko bondeni, lakini basi hupanda hadi kwenye malango ya mji. Civita haikuwa na jibu, kwa sababu daraja lake ndilo njia pekee. San Gimignano na Siena tuliziacha kwa ajili ya umbali. Mnara tuliutamani, lakini hautakimbia.

Ratiba ya mwisho ina miji mitatu. Alhamisi tutatoka Naples, tutabadilisha treni Roma na kulala Orvieto. Mwenzetu ataketi mbele ya kanisa kuu wakati sisi tukishuka kisimani na kupanda tena. Ijumaa tutapitia Terontola hadi Perugia. Jumamosi asubuhi tutafika Assisi, nako tutakaa hadi jioni bila kukimbilia popote. Tutaingia katika basilika iliyoanza kujengwa mwaka 1228, miaka miwili tu baada ya Fransisko kufariki. Kaburi lake liko chini kabisa, na watu hulifikia kwa ngazi. Mwenzetu amesema atazishuka. Tulimwuliza tena, kwa kuhakikisha, naye akarudia kwa kutukazia macho: "Nitashuka. Polepole, lakini nitashuka."

Ninyi mnaojiandaa kuwa walimu mtafundisha viambishi hivi ubaoni, kwa jedwali na mifano, na ni vyema kufanya hivyo. Msiishie hapo. Mwanafunzi akiwaambia "ningesoma", "ningekuja mapema", "ningelipa ada", msifurahie tu kwamba ameunda kitenzi sahihi. Muulizeni sharti ni nini. Kama tusingaliuliza, tungaliujua ukweli tukiwa katikati ya daraja la Civita, na mtu tunayemheshimu angalikuwa ameshikilia ukingo wa daraja, akitabasamu.

Tiketi zimekwisha kukatwa. Tutaondoka Jumapili ijayo.