Nyuzi za gitaa la baba (sehemu ya 4)

Mama zangu, mmeniuliza kama nimeacha gitaa tangu nijifungue. Sijaacha, ni mkono tu. Kumbeba mtoto usiku kucha kuliniachia maumivu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Wazazi wapya wengi huyapata. Yakizidi nenda kituo cha afya, usiishie kuchua na mafuta.

Gitaa la baba ni lile la kifua kilichobinuka, lenye matundu ya herufi f. Yeye alifunga nyuzi nene, ule mwembamba kuliko yote inchi 0.013. Sauti nzito, tamu, ila kuzikandamiza ni kazi! Nimeshuka hadi 0.011, zile zilizozungushiwa utepe bapa: hazikwaruzi vidole, wala hazitoi ule mlio wa kukwangua unaomshtua mtoto. Za shaba nimeziacha, sumaku ya gitaa haizisikii vizuri.

Nabadilisha mmoja mmoja. Kidaraja chake hakijagundishwa, ukitoa zote kinahama.

Sasa lililonitoa jasho: kincha cha uzi nilichokata, kama sentimita 2, nilikikuta mkononi mwa mwanangu, kinaelekea mdomoni. Mimi, nesi, ninayewaambia kila siku mkague sakafu! Sasa nakatia ndani ya bakuli, jamani, na mtoto yuko chumba kingine.